Anayebaki Juu ya Shimo si Mwoga

Sisi watu wa Tarime kazi ya shimo tunaifahamu. Upande wa Nyamongo watu wanachimba dhahabu. Hapa Nyamisangura tunachimba visima na vyoo. Kwa hiyo habari hii inatuhusu sote.

Mtu akizimia ndani ya kisima, sisi hufanya nini? Mara nyingi ndugu yake anashuka mbio kumfuata. Naye anaanguka. Wa tatu anashuka kuwatoa hao wawili. Mwisho wake msiba wa mtu mmoja unakuwa msiba wa watu watatu. Je, walikosa nguvu? Hapana. Walikosa mtu wa kuwazuia, na walikosa kamba.

Hewa mbaya haionekani

Hewa tunayovuta kila siku ina oksijeni, sehemu 21 katika kila sehemu 100. Oksijeni ndiyo inayotuweka hai. Ndani ya shimo refu inaweza kupungua. Hewa nzito inakaa chini kama maji kwenye mtungi. Mtu akiivuta anaishiwa nguvu kabla hajapiga kelele.

Hewa mbaya ziko za namna nyingi. Ya chooni inaweza kunuka kama yai bovu. Lakini ikizidi, pua huacha kuisikia, na mtu hudhani imekwisha. Moshi wa injini ya kuvutia maji una sumu isiyo na harufu kabisa. Ndiyo maana injini isiwekwe ndani ya kisima wala karibu na mdomo wake.

Wazee walizoea kushusha taa. Taa ikizimika, walijua hewa haitoshi. Lakini jamani, taa haitambui ile sumu ya injini. Tena chooni kuna hewa inayoweza kuwaka na kulipuka. Usishushe moto humo. Kitambaa chenye maji puani nacho hakisaidii, kwa sababu hakiongezi oksijeni.

Zimamoto wanafanyaje?

Askari wa zimamoto anapoingia penye moshi hubeba mtungi wa hewa mgongoni. Mitungi mingi inatosha kama nusu saa hivi. Akifanya kazi ngumu, hewa inaisha mapema zaidi. Kwa hiyo haingii peke yake, na nje wanabaki wenzake waliokwisha kuvaa vifaa. Kazi ya hao wa nje ni moja tu: kuwaokoa waokoaji wakipatwa na shida. Huko Marekani jambo hili liliwekwa katika kanuni mwaka 1998. Wakiingia wawili penye hewa ya hatari, wawili wengine wawe nje tayari.

Tarehe 3 Desemba 1999 ghala moja liliungua katika mji wa Worcester, huko huko Marekani. Ilisemekana kuna watu ndani. Askari wawili waliingia kuwatafuta, wakapotea ndani ya moshi. Wenzao wanne wakaingia kuwatafuta, nao wakapotea. Wote sita walikufa. Kumbe wale waliotafutwa walikuwa wametoka zamani. Wengine bado walitaka kuingia. Kiongozi wao akasimama mlangoni akawazuia. Bila shaka ilimuuma. Lakini neno lake liliokoa maisha.

Tufanye nini kijijini?

Sisi hatuna mitungi ya hewa. Kwa hiyo kanuni yetu iwe ngumu zaidi: mtu akizimia shimoni, asishuke mtu mwingine bila vifaa. Matayarisho yafanyike kabla ya kazi kuanza:

1. Anayeshuka afungwe kamba imara, ipite kifuani na mapajani. Kamba isifunguliwe mpaka atoke. Hapo wenzake watamvuta bila kumfuata.

2. Juu wabaki watu wasiopungua wawili wenye nguvu, na mti wa kuzungushia kamba. Wasiende kunywa chai. Wasiache shimo hata kidogo.

3. Mmoja wao awe kiongozi. Akisema "Hakuna kushuka," wote wamtii, hata kama aliyeko chini ni mtoto wake.

4. Waelewane alama. Kwa mfano, kuvuta kamba mara moja ni "niko salama," mara tatu ni "nitoeni." Asipojibu, avutwe mara moja.

5. Pawe na daftari. Andika jina la kila anayeshuka, saa aliyoshuka na saa aliyotoka. Zimamoto nao huandika hivyo. Hapa ndipo elimu yetu ya kusoma na kuandika inapookoa maisha. Bila daftari tutamtafuta mtu aliyekwisha kwenda nyumbani, au tutamsahau aliyeko chini.

Hatari ikitokea, piga simu namba 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Waeleze mahali, urefu wa shimo na idadi ya watu. Aliyetolewa alazwe penye hewa safi. Kama hapumui, anayejua huduma ya kwanza aanze kumsaidia papo hapo. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

Shimo likibomoka, watu wasijazane ukingoni. Uzito wao unaweza kuangusha udongo zaidi. Wala tusikate tamaa upesi. Huko Nyangarata, wilaya ya Kahama, wachimbaji walifukiwa mwezi Oktoba 2015. Watano walitolewa wakiwa hai mwezi Novemba, baada ya siku 41. Kwa hiyo kutoshuka ovyo si kumwacha mtu afe. Ni kutafuta njia ya kumfikia bila kuongeza maiti.

Wengine watasema, "Mwanamume gani anamtazama ndugu yake akifa?" Neno hili ndilo linalosukuma watu shimoni. Tulijibu mapema, kabla ya siku ya msiba. Tulizungumze kwenye mkutano wa kijiji, kwenye ritongo na kwa sungusungu. Anayeshika kamba juu ya shimo ndiye aliyeshika uhai wa mwenzake. Akishuka na yeye, kamba itavutwa na nani?

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Kwa nini taa haitoshi kupima hewa ya shimo?

2. Katika mtaa wenu nani ana kamba imara, nayo inakaa wapi?

3. Nani atakuwa kiongozi wa kusema "Hakuna kushuka"? Je, mtamtii?