Mvumo Usiolala Masikioni

Kedowa ni mji mdogo wa njia ya reli, baina ya Londiani na Kipkelion, katika nyanda za juu za Kericho. Usiku wake ni wa baridi na kimya. Hakuna feni inayozunguka darini, wala bahari inayovuma, wala muuza kahawa anayegonganisha vikombe barazani. Tulipokwenda kumjulia hali dada yetu mmoja aliyeolewa huko kutoka Mombasa, sisi tulikiona kimya kile kuwa ni neema. Yeye alikuwa akikiogopa. Alfajiri ya siku ya pili, tukiwa tunatia udhu, alituuliza kwa sauti ya chini: "Dada zangu, nyinyi hamsikii kitu kikivuma?"

Hatukusikia kitu.

Kumbe yeye alikuwa akiusikia mvumo huo mwaka mzima, mfano wa mlio wa nyenje, na hakumwambia mtu. Alichelea kuambiwa ana jini, au kwamba akili zimemruka. Usiku akikesha, mchana akijikaza. Kwa idhini yake, na bila ya kumtaja jina, tumeona tuliandike jambo hili, kwani twaamini wako wengine majumbani mwetu wanaoubeba mzigo kama wake.

Kwanza tujue kwamba hali hii si ngeni wala si haya. Tabibu mkubwa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliieleza katika vitabu vyake vya utabibu, na kwa Kiarabu huitwa tanini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa zaidi ya watu wazima milioni 740 duniani wamepatwa nayo, na kwa zaidi ya milioni 120 kati yao ni taabu kubwa. Wengine husikia mlio mwembamba, wengine mvumo, wengine kama mvuke unaotoka kwenye birika.

Ndani kabisa ya sikio mna chembe ndogo mno zenye vinyweleo, ambazo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu. Chembe hizo zikidhurika hazimei tena. Ubongo, ukikosa habari uliyoizoea, huongeza usikivu wake kama mtu anayeongeza sauti ya redio isiyoshika stesheni, na mvumo husikika hata pale pasipo sauti yoyote. Ndiyo sababu dada yetu hakutaabika sana Mombasa: feni na kelele za mtaa ziliufunika mvumo. Kimya cha Kedowa kiliufunua.

Sababu ni nyingi. Huenda ikawa ni nta iliyoziba sikio, uambukizo, umri, au shinikizo la damu. Kelele ni sababu kubwa. Katika nchi ya chai, mitambo ya kusaga na kukausha majani hunguruma kutwa kucha; nako mijini vijana wetu hujitia spika za masikioni kwa sauti ya juu. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 haziruhusu mfanyakazi akae katika kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa 8; anayefanya kazi penye kelele ana haki ya kudai vizibo vya masikio. Ziko pia dawa zinazoweza kuleta mvumo: kwinini ya malaria, aspirini kwa kipimo kikubwa, na sindano ya gentamisini. Mvumo wa kwinini kwa kawaida huondoka dawa ikiisha. Hata hivyo, mgonjwa asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, amweleze daktari.

Je, iko tiba? Hakuna kidonge kilichothibitika kuufuta mvumo huu, na anayekuuzia kimoja anakula pesa zako. Lakini nafuu iko. Kwanza sikio litazamwe na usikivu upimwe. Ikiwa ni nta, itatolewa. Ikiwa ni uambukizo, utatibiwa. Aliyepungukiwa na usikivu akipewa kifaa cha kusikilizia, mara nyingi mvumo hupungua, kwa kuwa ubongo umepata sauti za kushughulika nazo. Usiku, sauti laini kando ya kitanda, kama kisomo cha Qur'ani kwa redio iliyopunguzwa, huuzuia mvumo usitawale chumba. Wako pia washauri wa nafsi wanaomfundisha mgonjwa kuiondoa hofu, na njia hii imethibitika kupunguza taabu hata pale mvumo wenyewe unapobaki.

Tusitie masikioni mafuta ya moto, kitunguu saumu, njiti wala mshumaa. Kiwambo cha sikio kikiwa kimetoboka, madhara yatazidi. Na tusingoje hata kidogo iwapo usikivu umepotea ghafla: huyo afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, maana dawa huwahi kusaidia katika siku za mwanzo. Mvumo wa sikio moja tu, au unaopiga sawasawa na mapigo ya moyo, au unaofuatana na kizunguzungu au uso kulegea, nao unataka daktari upesi.

Dada yetu alikubali kwenda kupimwa na daktari wa masikio, pua na koo. Ilionekana usikivu wake wa sauti nyembamba umepungua kidogo. Mvumo haujaondoka, lakini sasa analala. Jioni aliyomweleza mumewe, ambaye amefanya kazi miaka mingi kiwandani, yule bwana alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mimi pia nausikia. Nilidhani ni mimi tu."

Watu wawili katika chumba kimoja, kila mmoja akikesha peke yake. Akina mama, tuulizane majumbani mwetu. Dua na dawa havigombani, na anayemwombea mwenziwe shifaa na amsindikize pia hospitali. Mwenyezi Mungu awape afueni wote wanaotaabika. Amin.