Kuinua na Kuegemeza Gari: Kanieneo, Mashine na Msawazo

Barabara ya Mwanza hadi Musoma inapita Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega. Gari likipata pancha kando ya barabara hiyo, dereva hutafuta jeki na utingo hutafuta jiwe la kuzuia tairi. Hapo pana mada tatu za Fizikia kwa pamoja: kanieneo, mashine rahisi na msawazo. Mtihani utaujibu kwa Kiingereza, lakini ukielewa sababu kwa Kiswahili, hutayumba swali likigeuzwa.

Shika jambo moja tangu mwanzo: jeki ni ya kuinua gari, stendi ni ya kulibeba. Hizo ni kazi mbili tofauti. Anayezichanganya kisha akaingia chini ya gari anahatarisha maisha yake.

1. Jeki ya oili inavyofanya kazi

Blaise Pascal, mwanasayansi wa Ufaransa aliyeishi kuanzia mwaka 1623 hadi 1662, alieleza kuwa kanieneo inayowekwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Mwaka 1795 Joseph Bramah wa Uingereza alipata hataza ya mashine ya kugandamiza iliyotumia kanuni hiyo. Jeki ya oili hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

*Mfano.* Kona moja ya gari inaelemea jeki kwa kani ya N 4,000. Pistoni kubwa ina eneo la sm² 10 na ndogo sm² 1. Tafuta kani inayohitajika kwenye pistoni ndogo.

Kanieneo = 4,000 ÷ 0.001 = Pa 4,000,000
Kani kwenye pistoni ndogo = 4,000,000 × 0.0001 = N 400

Mpini wa jeki nao ni wenzo. Kama umbali kutoka egemeo hadi mkononi ni mara 10 ya umbali kutoka egemeo hadi pistoni ndogo, mkono utasukuma kwa N 40 tu, tukipuuza msuguano. Huo ni kama uzito wa lita 4 za maji.

Usiandike kwamba jeki inatoa kazi ya bure. Pistoni ndogo ikishuka sm 2, kubwa hupanda sm 0.2. Ili gari lipande sm 20 utapampu mara 100. Unapunguza kani, unaongeza umbali.

2. Kwa nini jeki haitoshi kubeba gari

Gari lililoinuliwa kwa jeki hii limekalia oili, na oili hiyo imezuiwa na valvu pamoja na mipira midogo. Mpira ukichakaa, au mchanga ukiingia kwenye valvu, oili hurudi ilikotoka na gari hushuka. Linaweza kushuka polepole, linaweza kushuka ghafla.

Jeki ya skrubu haina oili. Inazuiwa isirudi nyuma na msuguano kwenye nyuzi za skrubu. Mashine inayojizuia hivyo huwa na ufanisi chini ya asilimia 50, maana msuguano unakula zaidi ya nusu ya kazi unayofanya. Hapa msuguano ni faida. Lakini kitako chake ni chembamba, kwa hiyo gari likisukumwa kidogo, jeki huweza kulala.

Stendi ni nguzo ya chuma yenye miguu iliyopanuka. Mzigo hupita kwenye chuma moja kwa moja hadi ardhini, bila oili wala valvu. Matofali hayawezi kuchukua nafasi yake. Tofali hubeba mzigo mkubwa ukisambaa, ila chuma cha gari kikiligusa sehemu ndogo, hupasuka ghafla bila dalili. Chuma, kwa kawaida, hupinda kwanza.

3. Ardhi inayobeba jeki

Kitako cha jeki chenye upande wa sm 10 kina eneo la m² 0.01. Kikibeba N 4,000, kanieneo ardhini ni Pa 400,000. Weka chini yake ubao mnene wa sm 40 kwa sm 25, wenye eneo la m² 0.1, na kanieneo inashuka hadi Pa 40,000, yaani mara 10.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Udongo mweusi ambao Wasukuma huuita mbuga huwa laini na wa kunata ukilowa mvua, na jeki isiyo na ubao huzama upande mmoja. Luseni, udongo wa kichanga, nao husogea chini ya kitako. Penye sakafu ya saruji au lami iliyo tambarare ni salama zaidi.

4. Msawazo na matairi yanayobaki chini

Kitu husimama imara ikiwa mstari wima kutoka kwenye kitovu chake cha uzito unapita ndani ya eneo la kitako. Kwenye mteremko, sehemu ya uzito wa gari hulivuta kuelekea chini ya mteremko. Gari likisogea sentimeta chache tu, jeki huinama na mzigo hutoka nje ya kitako chake.

Usitegemee handibreki peke yake. Kwa magari mengi hushika matairi ya nyuma, kwa hiyo ukiyainua yote mawili, hakuna breki inayoshika ardhi. Gia nayo hushika matairi yanayoendeshwa na injini. Ukiinua moja kati ya hayo, difu huruhusu lile jingine lizunguke. Ndiyo maana matairi yanayobaki chini huwekewa vigingi mbele na nyuma.

5. Hatua na sababu zake

1. Egesha mahali tambarare, vuta handibreki, weka gia, shusha abiria. Mzigo hupungua na gari halitikisiki.
2. Weka vigingi.
3. Legeza nati za tairi kabla ya kuinua. Ukizilegeza gari likiwa juu, nguvu unayotumia kwenye spana inaweza kulisukuma litoke kwenye jeki.
4. Weka ubao, kisha jeki mahali palipoonyeshwa na mtengenezaji wa gari. Bati la bodi hukunjika.
5. Inua, weka stendi, shusha gari likalie stendi. Lisukume kidogo kwa mkono kuona kama limetulia.
6. Asiye na stendi asiingie chini ya gari. Abadilishe tairi akiwa nje, na alaze tairi la akiba chini ya bodi kama kinga ya ziada.

Swali la kujipima

Stendi inabeba N 3,000. Miguu yake inagusa ardhi kwa eneo la m² 0.02.
(a) Tafuta kanieneo ardhini.
(b) Toa sababu mbili za stendi kuwa salama kuliko jeki ya oili.
(c) Eleza kwa nini handibreki haitoshi unapoinua matairi yote mawili ya nyuma.

Majibu

(a) 3,000 ÷ 0.02 = Pa 150,000.
(b) Mzigo unabebwa na chuma, hautegemei oili wala valvu. Miguu iliyopanuka inaongeza eneo la kitako, hivyo msawazo ni mzuri zaidi.
(c) Kwa magari mengi handibreki hushika matairi ya nyuma. Yakiwa hewani hakuna msuguano kati yake na ardhi, na matairi ya mbele yanaweza kuzunguka.

Katika (b) na (c), taja sababu ya kifizikia. Ukiandika "ni salama zaidi" bila kueleza, hujajibu swali.