Tovuti ya Biashara Ndogo Imjibu Mteja Kabla Hajauliza

Familia moja jijini Nairobi inapanga kushuka Pwani msimu wa Desemba. Mama anashika simu, anatafuta nyumba ya wageni Watamu na kufungua tovuti ya kwanza anayoiona. Picha kubwa ya bahari inachukua muda kufunguka, kisha yanatokea maneno: "Karibuni, tunatoa huduma bora." Bei haipo. Maelezo ya kufika hayapo. Anaifunga na kufungua ya jirani.

Mwenye nyumba ya kwanza hatajua kwamba mteja alibisha hodi akaondoka. Hasara ya aina hii haiandikwi kwenye daftari la mauzo, lakini ipo.

Mteja anayefungua tovuti huwa na maswali matano: Mnauza nini? Mko wapi? Ni pesa ngapi? Nalipaje? Nimpigie nani? Majibu yote yanafaa kuonekana kwenye ukurasa wa kwanza.

Unachouza. Badala ya "huduma bora za malazi", andika: "Vyumba vinne, kila kimoja na choo chake. Kiamshakinywa kimo ndani ya bei." Maneno hayo yanamwezesha mteja kuamua.

Mahali. Sanduku la posta halimfikishi mgeni mlangoni. Mweleze kwamba akitoka Mombasa kwa matatu ashuke Gede, kisha achukue tuktuk au bodaboda hadi Watamu, na umtajie alama iliyo karibu nawe. Kuisajili biashara kwenye ramani ya Google ni bure.

Bei. Ikiwa bei hupanda msimu wa wageni wengi, andika bei ya kila msimu. Mteja asiyeona bei hudhani ni ghali, au hushuku kwamba atapimwa kwa mavazi yake.

Malipo. Andika nambari ya kulipia ya M-Pesa pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mteja. Mara nyingine nambari imesajiliwa kwa jina la mwenye biashara, ilhali tovuti ina jina jingine. Mteja aliyewahi kutapeliwa akiona majina mawili tofauti hurudisha simu mfukoni.

Mawasiliano. Weka nambari ya simu na ya WhatsApp inayojibiwa kweli, pamoja na saa za kazi. Ukibadilisha laini, badilisha na tovuti siku hiyo hiyo.

Wateja wengi hutumia simu, tena kwa bando walilonunua. Picha nzito humla mteja pesa kabla hajanunua chochote. Picha chache zilizopunguzwa ukubwa, zinazoonyesha chumba au bidhaa yenyewe, zinatosha.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: umiliki. Majina ya tovuti yanayoishia na .co.ke husimamiwa na KeNIC na huuzwa kupitia mawakala wake. Hakikisha jina limesajiliwa kwa jina lako, si la fundi aliyekutengenezea, na nywila unazo wewe. Fundi akihama au mkikosana, biashara isipotee naye. Jina hilo lina muda wake, hivyo andika tarehe ya kulilipia upya mahali utakapoiona.

Aidha, ukiwaomba wateja majina na nambari za simu kupitia tovuti, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakutaka uwaeleze unazichukua kwa sababu gani. Omba zile unazohitaji tu, na usimpe mtu mwingine bila idhini.

Kabla ya kumlipa fundi pesa zake za mwisho, mpe simu mtu asiyeijua biashara yako. Mwambie atafute bei, njia ya kufika na nambari ya kupiga, nawe unyamaze. Akikugeukia kukuuliza, kazi haijaisha.