Kiini, Moduli na Kompyuta Pepe

Istilahi iliyolegea haimchukizi msomaji tu, bali humpotosha fundi. Katika makala haya tunakusudia kulionyesha jambo hilo kwa mfano mmoja, nao ni hitilafu inayoipata programu ya VirtualBox baada ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux kusasishwa.

Kwanza tueleze maana. “Kiini” ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inayotawala kumbukumbu, kichakataji na vifaa vya kompyuta. Linus Torvalds alitoa kiini cha Linux kwa mara ya kwanza mwaka 1991. “Moduli” ni kipande cha programu kinachopachikwa katika kiini ili kukiongezea uwezo. “Kompyuta pepe” ni kompyuta isiyo na umbo lake, inayoigizwa ndani ya kompyuta halisi. VirtualBox, iliyotolewa mwaka 2007, huigiza kompyuta ya namna hiyo kwa msaada wa moduli iitwayo vboxdrv.

Moduli hiyo hujengwa kwa kipimo cha kiini maalumu. Kiini kikibadilika, moduli ya zamani hukataliwa, na kompyuta pepe haiwaki, ingawa programu ni nzima na faili hazijaharibika. Dawa yake ni kuijenga moduli upya. Fundi hutazama toleo la kiini kwa amri ya uname -r, huweka faili za vichwa za toleo hilohilo, yaani zile zinazoeleza maumbile ya kiini, kisha hutoa amri ya /sbin/vboxconfig. Kompyuta inayodai saini wakati wa kuwaka itataka moduli hiyo itiwe saini pia.

Sasa tumfikirie fundi aliye Ngara au Biharamulo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Akiandikiwa kwamba “programu imeharibika”, ataifuta na kuipakua tena kwa gharama ya intaneti. Na faili za vichwa zikikosekana, hitilafu itabaki palepale. Wengi wilayani Ngara wamelelewa katika Kihangaza au Kishubi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha na wenzao wa mbali. Si haki kuwaachia wakisie tulichokusudia.

Neno “pepe” nalo lina mushkeli. Kwa mkulima apepetaye mpunga, pepe ni punje tupu isiyo na kiini. Ilhali kompyuta pepe inayo mfumo endeshi wake, na kwa hiyo kiini chake. Hata hivyo, “barua pepe” imekwisha kulizoesha neno hilo, wala hatuoni faida ya kuling’oa. Tunachopendekeza ni kupambanua viini viwili: “kiini cha mwenyeji”, kilicho katika kompyuta halisi, na “kiini cha mgeni”, kilicho katika kompyuta pepe. Moduli ya vboxdrv hufuata kiini cha mwenyeji. Moduli zinazowekwa ndani ya mgeni hufuata kiini cha mgeni. Mwenye kuandika “sasisha kiini” bila kutaja ni kipi, hajaeleza kitu.

Mwenyeji na mgeni ni maneno ambayo kila nyumba inayajua, na kila mmoja hujua nafasi yake. Tunawaomba mafundi na walimu wa wilaya hizo wayapime katika kazi zao, kwa kuwa istilahi huthibitika mikononi mwa watumiaji.