Anayesinzia husikia jina lake, si swali lako

Miaka ya mwanzo ya ualimu wangu, nilimwadhibu mwanafunzi kwa kosa ambalo leo naona hakulitenda. Kilikuwa kipindi cha Kiswahili baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nikieleza ngeli ya U-I, naye akisinzia. Nikauliza swali. Kimya. Nikalitaja jina lake kwa sauti ileile, akazinduka mara moja, macho kodo.

“Kumbe ulikuwa unasikia!” nilimfokea.

“Swali sikulisikia, mwalimu.”

Nikamwita mwongo.

Tangu 1929, Mjerumani Hans Berger alipochapisha rekodi za kwanza za umeme wa ubongo wa binadamu, wanasayansi wameweza kuchunguza jinsi ubongo unavyoitikia sauti. Mtu aliye makini anaposikia mlio, wimbi dogo la umeme huchomoza ubongoni katika takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Lepe la usingizi likimnyemelea, wimbi hilo hufifia, na lile la baadaye, linalohusishwa na kuipambanua sauti, huchelewa. Masikio ni yaleyale. Kilichobadilika ni ubongo.

Lakini si sauti zote zinazopotea. Mnamo 1960, Ian Oswald na wenzake nchini Uingereza walieleza jaribio ambapo watu waliolala walichezewa orodha ndefu ya majina. Ubongo wa kila mmoja uliitikia zaidi jina lake mwenyewe kuliko majina ya wengine.

Mnamo 2014, Sid Kouider, Thomas Andrillon na wenzao waliripoti kwamba watu waliosinzia wakiainisha maneno ya wanyama na ya vitu, ubongo wao uliendelea na kazi hiyo hata usingizini, ila polepole. Walipoamka, hawakuyakumbuka maneno waliyoyasikia wakiwa wamelala.

Basi yule kijana hakudanganya. Jina lilipenya, swali halikupenya. Na hata kama maneno yangu yaliingia, huenda kumbukumbu haikuyashika.

Kiswahili kina msamiati wa hali hii. Usingizi wa mang’amung’amu ni ule wa mtu asiye macho wala hajalala fofofo. Vilevile tunatofautisha kusikia na kusikiliza. Kusikia humjia mtu bila hiari. Kusikiliza kunahitaji nia, na nia ndiyo huchukuliwa na usingizi kwanza.

Chuoni tulifundishwa kuuliza swali kwanza, kisha kumtaja mwanafunzi, ili darasa zima lifikiri. Ni mbinu nzuri. Ila kwa anayesinzia, walimu wenzangu, tulirudie swali baada ya kumtaja. Afadhali zaidi, tumwambie asimame ajinyooshe kidogo.

Kijana yule sasa ni mtu mzima. Siku nikikutana naye, nitamwomba radhi. Nilimsikia akijitetea, lakini sikumsikiliza, ilhali mimi nilikuwa macho.