Haujachacha, lakini una sumu

Kila sikukuu zinapokaribia, maswali ya wasomaji wa safu hii huhamia tumboni, na safari hii mengi yanasimulia kisa kimoja. Familia imekodi boti Kunduchi kwenda kisiwa cha Mbudya. Pilau limepikwa usiku ili asubuhi isiwe ya kukimbizana. Saa tano wameketi kivulini, sinia limefunuliwa, wamekula wakashiba. Saa nane haijafika, watoto wawili wanatapika bila kupumzika. Nahodha anasema bahari imewalevya. Shangazi anasema ni jicho la watu. Na aliyepika anaapa kwamba wali haukuwa umechacha.

Mimi namwamini aliyepika. Wali haukuchacha. Ila kuchacha ni kazi ya bakteria wengine, wale wanaotoa uchachu, utelezi na harufu ambayo pua ya kila mpishi inaijua. Bakteria aitwaye Bacillus cereus hana haja ya kuuchachisha wali ndipo aujaze sumu. Unaweza kuuonja, ukaunusa, ukaupakua, usikute kasoro yoyote.

Bakteria huyu makazi yake ni udongo na vumbi, na mchele huja naye tangu shambani. Mazingira yakiwa magumu hujifungia ndani ya spora, mfano wa mbegu yenye ganda gumu, akalala. Kuosha mchele kunapunguza spora, hakuzimalizi. Kuchemsha kunawaua bakteria walio macho, lakini spora nyingi huvumilia maji yanayotokota. Isitoshe, joto lile la kupikia ndilo linaloziamsha: wali unapoanza kupoa, spora zinapasuka na bakteria wanatoka. Wanakuta wanga tele, unyevu wa kutosha, na washindani wao wengi wamekufa kwa moto.

Sasa fikiria sufuria lenyewe. Wali umejaa, umefunikwa, umeachwa juu ya meza jikoni. Joto la katikati halina njia ya kutoka ila kupenya punje kwa punje hadi pembeni, na safari hiyo haiongezeki kwa kiasi kilekile unachoongeza wali. Ukifanya rundo kuwa nene mara mbili, muda wa kupoa katikati yake unakaribia mara nne. Kwa hiyo sufuria la wageni ishirini linakaa vuguvugu saa nyingi sana, na hata likipoa, linapoa kufikia joto la usiku wa Dar es Salaam, ambalo kwa bakteria huyu ni raha tupu. Tuseme wameamka 100 tu katika kijiko kimoja, na wanaongezeka maradufu kila nusu saa. Tangu saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni mizunguko 16. Wale 100 wamekuwa zaidi ya milioni sita na nusu, na wewe bado hujafunga kapu.

Wakishakuwa wengi kiasi hicho, wale wenye uwezo huo hutengeneza sumu iitwayo sereulidi. Hii ndiyo sehemu ninayotaka kila mpishi aielewe. Sereulidi ni molekuli ndogo iliyojikunja ikawa pete, na pete hiyo hukumbatia chembe za potasiamu na kuzivusha kwenye kuta za mitochondria, vinu vya nishati vya seli zetu. Tumboni, inaugusa mshipa wa fahamu unaounganisha tumbo na ubongo, kwenye vipokezi vya serotonini, na ubongo unatoa amri moja: tapika. Amri hiyo huja kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Na kwa kuwa pete hiyo imefungamana vizuri, joto haliivunji. Maabara zimeipasha hadi nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 90, ikabaki na nguvu zake. Jikoni kwako maji yanachemka kwa nyuzi 100. Unapokipasha kiporo alfajiri mpaka kifuke moshi, umewaua bakteria na kuiacha sumu waliyokwisha kuitengeneza.

Ubelgiji, mwaka 2003, familia moja iliandaa saladi ya tambi siku ya Ijumaa, ikaenda nayo matembezini Jumamosi, na iliyobaki ikawekwa kwenye friji. Jumatatu jioni watoto watano wa nyumba hiyo wakaila. Wote waliugua, na binti wa miaka saba alifariki, ini lake likiwa limeshindwa kazi. Wachunguzi walipoipima friji ile walikuta ina nyuzi 14. Vifo vya namna hii ni nadra, na wengi hutapika wakapona ndani ya siku moja. Hata hivyo, nikikumbuka mtoto yule siwezi kuvumilia kusikia mtu mzima akisema kwamba kiporo hakijawahi kumdhuru mtu.

Tumalizane basi na yale ninayoyasikia kila mwaka. Eti limau linaua sumu. Limau lililokamuliwa juu ya sinia halifiki katikati ya wali, na likifika, sumu hii haiharibiwi na tindikali. Inapita hata kwenye tindikali ya tumbo lako ikiwa nzima. Eti pilipili inaua vijidudu. Pilipili inakuunguza ulimi wewe. Eti maziwa yanaondoa sumu. Hayaondoi. Eti matumbo yetu yamezoea. Mwili haujengi kinga dhidi ya molekuli ndogo namna hii kwa kuila mara kwa mara. Wengine hukimbilia vidonge vya antibaiotiki walivyobakiza nyumbani. Antibaiotiki huua bakteria, na hapa kinachokutapisha ni sumu iliyotengenezwa kabla hujameza tonge la kwanza.

Wabaya zaidi ni wale wenye vipaza sauti sokoni na vituoni, wanaouza chupa za kusafisha tumbo na kutoa sumu zote mwilini. Waulize ni sumu ipi, inatolewa kwa njia ipi, na nani aliipima. Hawana jibu, kwa sababu hawajui. Mtoto aliyetapika mara kumi amepoteza maji na chumvi, na mtu anayempa dawa ya kumharisha anampeleka karibu na hatari. Huo ni unyang'anyi unaofanyiwa wazazi wakiwa na hofu, na nitausema hivyo kila nipatapo nafasi.

Bahari nayo isisingiziwe. Kulevywa na bahari hutokea pale sikio la ndani linapoupa ubongo habari ya kuyumba huku macho yakiona kiti na ubao vilivyotulia. Mtu huanza kutapika boti ikiwa inakwenda, awe amekula au hajala, na akishuka nchi kavu hali hutulia. Waliokula sinia moja wakianza kutapika pamoja saa mbili baada ya kushuka mchangani, hiyo si bahari. Kuhara na homa pia si mambo ya mawimbi.

Samaki naye anafuata mkondo uleule wa wali. Jodari, nguru na vibua wana kwa wingi kiambato kiitwacho histidini, na samaki asipowekwa kwenye barafu mapema, bakteria hukigeuza kuwa histamini. Kukaanga au kuchoma hakuiondoi. Mlaji huwashwa mdomo, uso unamwiva, kichwa kinamgonga, na watu husema ana mzio wa samaki, kumbe samaki yule alikaa juani.

Mabaharia wa majahazi walivuka bahari hii bila friji, na tende zilikuwa miongoni mwa akiba yao. Kilichowasaidia ni maji, au tuseme ukosefu wake. Bakteria hawezi kutafuna chakula kikavu. Anahitaji maji yaliyo huru, yasiyoshikwa na kitu. Katika tende, sukari imeyashika maji yaliyomo kwa nguvu kiasi kwamba bakteria akitua juu yake, maji yake mwenyewe hunyonywa, akakauka. Chumvi hufanya kazi hiyohiyo kwenye ng'onda na papa mkavu. Wali uliopikwa, kwa upande wake, umejaa maji huru kila punje. Ukiijua tofauti hiyo, kapu la boti linajipanga lenyewe.

Basi beba tende, korosho, karanga, kashata, visheti, mkate, chapati kavu, ndizi na machungwa ambayo hayajamenywa. Mayai yachemshe asubuhi na uyaache na maganda yake. Mihogo na viazi vitamu vichemshe kabla tu ya kuondoka, viliwe ndani ya saa mbili. Ukitaka wali au nyama, pika asubuhi hiyohiyo, pakia kwenye hotpoti vikiwa vinafuka, ujaze hotpoti mpaka juu maana iliyo nusu hupoa haraka, na viliwe mapema. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kwa vya baridi, gandisha chupa za maji usiku na uzipange kwenye deli. Zinapoza chakula, na zikiyeyuka mnazinywa. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kufungasha. Kinachobaki kwenye sinia kisirudi nyumbani.

Akitapika mtu, mpe maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari, kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko. Akishindwa kuyashika tumboni, akilegea, akikosa mkojo, akiharisha damu au macho yakigeuka njano, geuzeni boti na mumfikishe hospitali.

Na kama kuna pilau lililobaki jana usiku, naomba lisipande boti. Najua mchele ni ghali na kumwaga chakula kunauma. Kinga yake ni kuamua mapema: usiku, kabla ya kulala, tandaza wali uliobaki kwenye trei pana ili ule unene unaozuia joto usiwepo, kisha uingize kwenye friji ukiwa haujapita saa mbili tangu kuepuliwa. Nyumba isiyo na friji ipike kiasi kitakacholiwa kikaisha. Saa zile za kuelekea usingizini ndizo zinazoamua kama watoto watarudi kutoka Mbudya wakiimba au wamejikunja. Alfajiri ikishafika, jiko halina tena la kufanya.