Mshahara wa Mchezaji na Mfuko wa Klabu Wakati wa Dhiki

Kiswahili kina maneno kadha ya kutaja malipo ya kazi, na kila neno lina mpaka wake. Ujira ni malipo ya kazi yo yote, iwe ya saa moja au ya mwaka mzima. Mshahara, neno ambalo shina lake katika Kiarabu lina maana ya mwezi, ni malipo yaliyopatanwa mbele, na ambayo huja kwa majira yake hata kama kazi ya mwezi huo ilikuwa chache. Kibarua, kwa asili kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, huonyesha kazi ambayo haimfungi ye yote kwa siku ya kesho. Tofauti hii ya maneno ndiyo ufunguo wa kufahamu mambo ya fedha ya klabu za kandanda. Kwa maana klabu hupata fedha zake kama kibarua, lakini huzitoa kwa njia ya mshahara. Nyakati za neema watu hawaioni tofauti hiyo. Biashara inapoanguka, huonekana na kila mtu.

Mapato ya klabu hutoka katika mafungu machache: kiingilio kinachotolewa mlangoni, fedha za haki ya kuonyesha mechi katika televisheni, matangazo ya wafanya biashara, na bei ya wachezaji wanaohamishwa. Mafungu yote haya hutegemea mambo mawili, yaani mechi ichezwe, na wapo watu wenye fedha za ziada. Matumizi makubwa, kwa upande wa pili, ni malipo ya wachezaji, na hayo yamefungwa kwa mkataba. Waswahili husema kwamba ahadi ni deni. Mkataba wa mchezaji ni ahadi ya namna hiyo hasa: hutiwa sahihi wakati wa matumaini, na hudaiwa wakati wo wote.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Uingereza, ambako malipo kwa wachezaji yaliruhusiwa rasmi mwaka 1885 na Ligi ikaanzishwa mwaka 1888. Kuanzia mwaka 1901 iliwekwa sheria kwamba mchezaji asilipwe zaidi ya pauni 4 kwa juma. Baada ya Vita Kuu ya kwanza watu walifurika viwanjani, na mwaka 1920 kima hicho kilipandishwa hadi pauni 9. Lakini mwaka 1921 biashara ya nchi ilianguka, na mwaka 1922 klabu zilikata shauri kwa pamoja kushusha kima hicho hadi pauni 8 wakati wa msimu na pauni 6 wakati wa kiangazi. Mchezaji hakuwa na njia ya kukataa. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja tu, na hata ulipokwisha, klabu iliweza kulizuia jina lake katika daftari ya Ligi ili asicheze kwingine. Kwa hiyo mzigo wa dhiki katika zama zile uliwekwa begani mwa mchezaji mwenyewe.

Hata hivyo si kweli kwamba mshahara mdogo ulitosha kuiokoa klabu. Wigan Borough, klabu ya mji wa Lancashire ulioishi kwa makaa ya mawe na pamba, ilijitoa katika Ligi mwezi wa Oktoba 1931, msimu ukiwa umeanza tu, na matokeo ya mechi zake yakafutwa. Wachezaji wake hawakuweza kulipwa zaidi ya kima cha sheria. Ila mtazamaji asiye na kazi hana kiingilio. Katika miaka ile watu wasio na kazi nchini Uingereza walikaribia milioni 3. Yafaa basi kuangalia pande zote mbili za mizani. Mshahara huwa mkubwa au mdogo kwa kulinganishwa na kile kinachoingia, wala si kwa hesabu yake peke yake.

Mwezi wa Januari 1961, baada ya chama cha wachezaji kilichoongozwa na Jimmy Hill kutishia kugoma, kima cha juu kiliondolewa. Wakati huo kilikuwa pauni 20 kwa juma. Na punde si punde Johnny Haynes wa Fulham akalipwa pauni 100. Mwaka 1963, katika shauri la George Eastham, mahakama iliona kwamba desturi ya kumzuia mchezaji ni kizuizi kisicho haki juu ya kazi yake. Mwaka 1995 Mahakama ya Ulaya, katika shauri la Jean-Marc Bosman, iliamua kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba ahame pasipo klabu yake kudai bei. Ikawa klabu inayotaka kumweka mchezaji hodari yapasa impe mkataba wa miaka mingi na wa fedha nyingi. Ahadi ikarefuka. Mapato hayakubadili tabia yake.

Madhara ya jambo hili yalionekana mwaka 2002. Klabu za daraja za chini za Uingereza zilikuwa zimeahidiwa pauni milioni 315 kwa miaka mitatu na kampuni ya televisheni ya ITV Digital. Nyingi kati yao ziliandika mikataba ya wachezaji kwa kutegemea fedha hizo kabla hazijaingia mfukoni. Kampuni ilipofilisika, pauni milioni 178.5 zilikuwa bado hazijalipwa. Bradford City na Leicester City mwaka ule ule, na Ipswich Town mwaka 2003, ziliwekwa chini ya wasimamizi wa kisheria. Mchezaji mwenye mkataba alikuwa bado anadai. Aliyeahidi kuilipa klabu hakuwapo tena.

Ndipo huulizwa: deni lisilolipika humwangukia nani? Sheria za Ligi ya Uingereza zilitaka klabu iliyofilisika iwalipe kwanza, na kwa ukamilifu, wachezaji na klabu nyingine. Portsmouth, ambayo ilitwaa Kombe la FA mwaka 2008, iliwekwa chini ya wasimamizi mwezi wa Februari 2010, ikapokonywa pointi 9, ikashuka daraja. Wadai wengine, pamoja na wenye maduka madogo na chama cha huduma ya kwanza kilichowaangalia majeruhi uwanjani, waliahidiwa senti 20 tu katika kila senti 100 walizodai, tena kwa miaka. Idara ya kodi iliishtaki kanuni hiyo, na mwaka 2012 ikashindwa mahakamani. Katika zama za 1922 dhiki ilimwangukia mchezaji. Katika zama hizi ilimwangukia jirani wa uwanja.

Mwezi wa Machi 2020 mechi zilisimama karibu ulimwenguni kote kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na maneno matatu ambayo wengi huyachanganya yakawa na thamani ya mamilioni: kupunguza, kuahirisha, na kusamehe. Kupunguza ni kubadili kipimo cha ahadi. Kuahirisha ni kuisogeza tu, deni likibaki lile lile. Kusamehe ni kuifuta. Wachezaji wa Barcelona walikubali kupunguziwa asilimia 70 kwa muda wa hali ya hatari, ili watumishi wengine wa klabu walipwe kamili. Southampton iliahirisha sehemu ya mishahara. Juventus ilitangaza kwamba wachezaji wake wameacha malipo ya miezi minne, yapata yuro milioni 90. Lakini waendesha mashtaka wa kandanda ya Italia walidai baadaye kwamba sehemu kubwa iliahirishwa tu wala haikusamehewa, na shauri hilo likamalizwa mwezi wa Mei 2023 kwa mapatano na faini ya zaidi ya yuro 700,000. Neno moja katika hesabu laweza kuifanya klabu ionekane nzima hali ni mgonjwa.

Barcelona yenyewe haikupona kwa punguzo lile. Mwezi wa Agosti 2021 rais wake, Joan Laporta, alitangaza deni la yuro bilioni 1.35, na kwamba mishahara ilizidi mapato yote, ikiwa ni 103 kwa kila 100. Lionel Messi alikuwa radhi kubaki, lakini kanuni ya Ligi ya Hispania inayopima mishahara kwa mapato haikuruhusu jina lake liandikwe. Kwa upande wa klabu ndogo, Macclesfield Town, iliyoundwa mwaka 1874, ilifungwa na mahakama mwezi wa Septemba 2020 kwa deni lililozidi kidogo pauni nusu milioni.

Haielekei kusema kwamba dhiki ndiyo iliyozileta hasara hizi. Katika msimu wa 2018–19, kabla ya korona, klabu za daraja la pili la Uingereza kwa jumla zilitumia kwa mishahara pauni 107 kwa kila pauni 100 zilizopata. Kila klabu ilimwogopa jirani yake: asiyeongeza mshahara alihofu kushuka, na aliyeongeza alitumaini kupanda, ingawa nafasi za kupanda ni tatu tu. Dhiki haikufanya zaidi ya kuondoa jamvi lililofunika shimo.

Dawa zilizojaribiwa zina wazo moja. Mikataba mingine huweka sharti kwamba mshahara ushuke timu ikishuka daraja. Kanuni nyingine, kama ile ya Hispania, huifunga jumla ya mishahara kwa jumla ya mapato. Zote hutafuta kuufanya mshahara ufuate mapato pasipo kumrudisha mchezaji katika utumwa wa zamani wa kuzuiwa. Hilo ni jambo gumu, kwa kuwa yapasa klabu iahidi kidogo siku ile ambayo mashabiki wanadai iahidi kingi. Lakini dawa ya deni ni kulipa, na klabu isiyo na cha kulipia ilikosea siku ya kuahidi, si siku ya kudaiwa.